Kabla ya Lutishiamu, Tupeni Kobalti

Wiki hii klipu imezunguka magrupu yote, hata la wazee wa chuoni: dawa yenye mionzi inayodungwa mshipani na kujitafutia yenyewe seli za saratani ya tezi dume. Lutishiamu-177, Marekani wameiidhinisha 2022. Mashaallah zimejaa chini. Yangu imo pia.

Ila lutishiamu hupoteza nusu ya nguvu zake kila siku 7 hivi. Isafirishwe kutoka kwenye kinu cha nyuklia ng'ambo, ikwame forodhani? Kwetu boti ikizuiwa na kusi, hata nyanya huozea bandarini.

Mimi naililia mionzi ya ndani ile kongwe, ya saratani ya shingo ya kizazi, iliyoanza kwa radiamu zaidi ya miaka 100 nyuma. Siku hizi chembe yenye mionzi hutoka mashineni kwa mrija, hukaa dakika chache penye uvimbe, ikarudi zake. Mwanamke habaki na mionzi mwilini, kwa hiyo nyie mnaomtengea sahani, mwogopeni Mungu. (Aliyemeza iodini yenye mionzi, ya rovu, haya, huyo hujitenga kidogo na watoto.)

Na matibabu yana muda wake. Mionzi ya nje, ile inayopigwa na mashine kutoka nje ya mwili, na ya ndani, yote yanatakiwa yamalizike ndani ya wiki 8. Sasa mtoe mama Micheweni, Pemba: gari, boti mpaka Unguja, boti nyengine mpaka Dar, kisha atafute jamaa wa kumhifadhi wiki zote hizo aende Ocean Road, hospitali ya saratani. Watoto kamwachia nani? Jirani yangu alirudi katikati, nauli imekwisha na harusi ya binti imekaribia. "Nitamalizia baada ya Idi." Wengine walimwita mkaidi. Mkaidi! Kwa pesa gani?

Basi tupeni mashine hiyo, yenye chembe ya kobalti-60, hapa hapa visiwani. Chembe ikiwa ya iridiamu-192, mionzi yake hupungua nusu kwa siku 74, ndiyo maana hubadilishwa kila miezi 3 au 4. Kobalti huchukua miaka 5 na ushei, na kwa mgonjwa matokeo yanakaribiana. Kibali kimoja, mzigo mmoja, tukae miaka.

Najua, inataka ukuta mnene zaidi wa kuzuia mionzi, na mashine ya mionzi ya nje lazima iwepo pia. Mwanafizikia wa tiba naye hauzwi sokoni Darajani, itabidi asomeshwe. Lakini suala la ukuta msiniletee. Huko huko wilaya ya Micheweni watalii wanalala kwenye chumba kilicho chini ya bahari, wakitazama samaki.