Baada ya Lewiston: bunduki ya nusu otomatiki mikononi mwa raia

Jioni ya Oktoba 25, 2023, askari wa akiba wa jeshi la Marekani aliingia kwenye ukumbi wa bolingi mjini Lewiston, jimbo la Maine, akaanza kufyatua risasi. Alipomaliza hapo aliendesha gari hadi kwenye baa moja ya mji huohuo akaendelea kuua. Watu 18 walikufa. Wanne kati yao walikuwa viziwi waliokusanyika kwenye baa hiyo kwa mashindano ya mchezo wao. Silaha ilikuwa Ruger ya nusu otomatiki, iliyonunuliwa kihalali Julai ya mwaka huohuo.

Lewiston si mji wa mbali kwa wazungumzaji wa Kiswahili. Wako Wasomali wa Kibantu waliopitia kambi za Dadaab na Kakuma, wako Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Familia zilizokimbia mtutu wa bunduki kwao ziliamriwa zisitoke nyumbani hadi muuaji apatikane. Alipatikana baada ya siku mbili, akiwa amejiua.

Mjadala uliofuata ni uleule ambao Wamarekani huurudia kila baada ya mauaji: raia aruhusiwe kumiliki bunduki ya namna hii au asiruhusiwe? Nimeufuatilia kwa miaka, na kila mara naona pande zote mbili zina hoja nzito kuliko mpinzani anavyotaka kukiri. Naona pia kwamba ugomvi wa "ipigwe marufuku" na "isipigwe" umefunika swali ambalo pale Lewiston lingeweza kuokoa watu.

Kwanza tuelewane kuhusu silaha yenyewe. Bunduki ya nusu otomatiki hutoa risasi moja kila unapovuta kifyatulio. Nguvu ya gesi ya baruti husukuma mtambo nyuma, ganda linatupwa nje, risasi nyingine inapanda kutoka kwenye magazini, na huna haja ya kukoki tena. Ile ya otomatiki kamili, inayomimina risasi mradi kidole hakijaachia, ilibanwa kwa kodi na usajili tangu 1934, na tangu 1986 raia hawaruhusiwi kununua iliyotengenezwa baada ya mwaka huo. Kinachogombaniwa ni AR-15 na ndugu zake, ambazo mchoro wake ulitoka kwa Eugene Stoner wa kampuni ya ArmaLite mwishoni mwa miaka ya 1950. Wenye viwanda wanakadiria kwamba zimeshapita milioni 20 nchini humo.

Hoja ya wanaotaka marufuku inaanzia hospitalini. Risasi ya AR-15 hutoka kwa kasi ya zaidi ya mita 900 kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya risasi ya bastola ya milimita 9. Risasi ya bastola mara nyingi hutoboa njia nyembamba, na majeruhi akiwahishwa, daktari ana kitu cha kushona. Hii ya kasi huchana nyama hata pembeni ya njia iliyopitia, na ini lililopigwa linaweza lisiwe na cha kushonwa tena. Juni 2022, Dkt. Roy Guerrero, daktari wa watoto wa Uvalde, Texas, aliwaeleza wabunge mjini Washington kwamba miili ya baadhi ya watoto iliharibiwa kiasi kwamba kilichobaki cha kuwatambulisha ni nguo zao zenye picha za katuni, zikiwa zimelowa damu. Siku ile, Mei 24, waliuawa watoto 19 na walimu wawili. Muuaji alikuwa na umri wa miaka 18, na bunduki zake alizinunua dukani kihalali siku chache baada ya kutimiza umri huo.

Mtu anayesoma maelezo hayo na kusema tuendelee kama kawaida ana jambo kubwa la kutueleza. Upande wa pili unalo, tena la Uvalde hiyohiyo. Askari 376 walifika kwenye shule ile, na dakika 77 zilipita kabla ya kuingia darasani na kumuua muuaji. Mwenye bunduki yake nyumbani Texas anauliza: kama polisi wote hao hawakuwaokoa watoto, mimi ninayeishi shambani mbali na kituo nimtegemee nani? Mwaka 2017, kanisa la Sutherland Springs, Texas, lilipovamiwa na watu 26 kuuawa, aliyemkabili muuaji alipotoka ni jirani aliyekimbia kutoka nyumbani akiwa na AR-15 yake.

Kisha ziko takwimu, na hapa wapinzani wa marufuku wako kwenye ardhi ngumu. Kwa hesabu za FBI za 2019, kati ya mauaji 13,927, bunduki ndefu (rifle) za aina zote, ukiacha shotgun, zilihusika katika 364. Visu vilihusika katika 1,476, bastola katika 6,368. Kweli, katika mauaji zaidi ya 3,000 ya risasi aina ya silaha haikutajwa, kwa hiyo 364 huenda ni pungufu. Lakini picha haibadiliki sana: kinachoua Wamarekani kila siku ni bastola. Kati ya vifo 48,830 vya silaha za moto mwaka 2021, zaidi ya nusu ni watu waliojiua wenyewe. Na hata katika mauaji ya umati, Chuo Kikuu cha Virginia Tech kilipoteza watu 32 mwaka 2007 kwa bastola mbili tu.

Kuna sababu nyingine ya kupinga marufuku ambayo waandishi wa Ulaya huipita haraka. Mwaka 1892 Ida B. Wells, mwandishi mweusi aliyepigana na unyongaji wa watu weusi kusini mwa nchi, aliandika kwamba bunduki ya Winchester inastahili mahali pa heshima katika kila nyumba ya mtu mweusi. Mwaka 1967, Black Panthers, chama cha wanaharakati weusi, walipoanza kuzunguka mji wa Oakland na silaha kuwachunga polisi, jimbo la California lilikataza haraka kubeba bunduki yenye risasi hadharani, na aliyetia saini ni Gavana Ronald Reagan. Mtu mweusi akisikia serikali inataka kukusanya silaha, ana haki ya kuuliza itaanzia mtaa gani.

Marufuku yenyewe ilishajaribiwa. Sheria ya 1994 ilizuia kwa miaka kumi aina kadhaa za bunduki za nusu otomatiki na magazini za zaidi ya risasi 10. Udhaifu wake ulikuwa mbaya: ilitambua bunduki kwa viungo vyake, kama kishikio cha mtindo wa bastola, kitako kinachokunjwa au mahali pa kufungia singe. Viwanda viliondoa kiungo hiki au kile vikaendelea kuuza bunduki yenye mtambo uleule. Zilizokuwa tayari mikononi mwa watu ziliachwa. Sheria ilikufa 2004, na taasisi za utafiti kama RAND zilipopitia tafiti hazikupata ushahidi wa kutosha kusema kama marufuku ya bunduki ilipunguza mauaji ya umati. Kuhusu magazini kubwa ushahidi una uzito kidogo, na akili inakubali. Tucson, mwaka 2011, aliyempiga risasi mbunge Gabrielle Giffords alimaliza magazini ya risasi 33; alipokuwa akibadilisha ndipo watu wakamrukia na kumbwaga chini. Waliokufa ni sita. Angelazimika kubadilisha baada ya risasi 10, wangemfikia mapema zaidi.

New Zealand ilifanya tofauti. Baada ya Waislamu 51 kuuawa misikitini Christchurch, Machi 2019, bunge lake lilipitisha marufuku kwa kura 119 dhidi ya 1 chini ya mwezi mmoja baadaye, na serikali ikazinunua bunduki kutoka kwa wenyewe. Lakini nchi ile haina kitu kama Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yanayolinda haki ya kumiliki silaha. Marekani, tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Heller ya 2008, silaha ni haki ya mtu binafsi, na ingawa Mahakama ya Juu ilikataa Juni 2025 kusikiliza kesi ya marufuku ya Maryland, Jaji Kavanaugh aliandika kwamba suala hilo litapaswa kuamuliwa karibuni. Marufuku za majimbo kumi hivi zinaweza kuanguka.

Mbunge wa Lewiston, Jared Golden, aliyekuwa askari wa majini, mwaka 2022 alikuwa miongoni mwa Wademokrati watano tu walioipigia marufuku kura ya hapana. Siku moja baada ya mauaji ya mjini kwao alisimama mbele ya waandishi wa habari, akaomba msamaha, akataka bunduki hizi zipigwe marufuku. Seneta Susan Collins, aliyesimama karibu naye, akataja magazini kubwa. Namheshimu Golden kwa hilo. Lakini ukiangalia kalenda ya muuaji, unaona mlango mwingine.

Mei 2023, mwanawe na mama wa mtoto huyo waliieleza polisi kwamba ameanza kusikia mambo yasiyosemwa na ana bunduki nyingi. Mapema Julai alinunua ile Ruger. Siku kumi hivi baadaye jeshi lilimpeleka hospitali ya magonjwa ya akili New York, akakaa wiki mbili au zaidi. Agosti alikwenda dukani kuchukua kiwambo cha kuzuia sauti ya bunduki alichokuwa ameagiza. Kwenye fomu aliulizwa kama aliwahi kuwekwa katika taasisi ya magonjwa ya akili, akajibu ndiyo, na duka likakataa kumpa. Bunduki ilikuwa tayari nyumbani. Septemba mwenzake wa jeshini aliandika kwamba anaamini jamaa huyu atafanya mauaji ya umati. Polisi walikwenda kwake, hakufungua mlango, wakaondoka.

Kilichomzuia kupata kiwambo ni muda uliopita kati ya kuagiza na kukabidhiwa. Bunduki haikuwa na muda huo. Hapo ndipo ninapokubaliana na wanaotaka udhibiti: silaha inayoua watu 18 jioni moja isitoke dukani kirahisi kuliko kile cha kuinyamazisha. Leseni, subira, na magazini ndogo havimnyang'anyi mfugaji wa Texas bunduki anayopigia nguruwe pori. Mwaka 2024 Maine iliweka subira ya saa 72, ambayo ni kidogo, ingawa kwa mtu anayetaka kujiua usiku huu ni nyingi.

Novemba 2025 wapigakura wa Maine walipitisha sheria inayoiruhusu familia kwenda moja kwa moja kwa jaji kuomba mtu aliye hatari azuiwe kwa muda kuwa na bunduki. Wapinzani wana hofu ya msingi: katika majimbo mengi yenye sheria hii, amri ya muda inaweza kutolewa kabla mwenye bunduki hajasikilizwa, na askari wastaafu watanyamazia maradhi yao wakiogopa kupoteza silaha. Hofu hiyo inajibiwa kwa kusikilizwa haraka na wakili wa bure. Sheria ya zamani ilihitaji kwanza polisi wamkamate mtu, kisha mtaalamu wa afya ampime, ndipo jaji aombwe. Tume ya uchunguzi ilisema polisi walikuwa na sababu za kutosha za kumkamata, na hawakumkamata. Kwa sheria hii mpya, mtoto yule na mama yake wangeweza kumwendea jaji wenyewe Mei ileile, na jaji akikubali, jina la muuaji lingekuwa kwenye mfumo wa ukaguzi wa wanunuzi wa silaha kabla hajaingia dukani Julai.