Usiulize, usiseme

Jana jioni baraza ya kahawa huku Ngamiani, Tanga, ilichafuka, kisa jeshi la Marekani. Dogo mmoja kaibua ile sheria yao ya 1993 enzi za Clinton, "usiulize, usiseme", yani shoga ruksa kuwa askari ila afunge mdomo, akijulikana tu anatolewa. (Nikisema shoga sio wale kina mama wa Tanga wanaoitana shoga angu kwa muuza vitumbua, mnanielewa.) Ikafutwa Septemba 2011, ishafukuza watu zaidi ya 13,000.

Mzee wetu mmoja, mstaafu wa jeshi, akaweka kikombe chini. Nyie hamjalala hanga, bweni la askari, akasema, bafu moja, vitanda vimebanana, usiku roho yako kaishika mwenzio, ukishaanza kumtilia mashaka hapo hakuna kikosi. Na hoja yake sio ya kupuuza, maana Wamarekani walipowauliza askari wao 2010 kama 70 kwa 100 walisema kuifuta sheria kutaleta mema, mema na mabaya kidogo, au hakutabadili kitu, lakini ukishuka kwa wale askari wa kikosi cha Marine wa mstari wa mbele zaidi ya nusu walikuwa na wasiwasi, na mkuu wao Jenerali Amos alipinga wazi wazi. Ila sheria ilipofutwa huyo huyo Amos akaja kukiri mambo yameenda shwari.

Mi ninapokwama na mzee ni kwamba hayo ya kulala pamoja yalisemwa pia 1948, Rais Truman alipoamuru ubaguzi wa rangi uishe jeshini. Halafu hebu fikiria uko vitani Irak, unahitaji mtu anaejua Kiarabu kama maji, na wewe unafukuza wakalimani wa Kiarabu kwa makumi! Admeri Mullen, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi yao wakati huo, ndo aligusa penyewe, aliwaambia maseneta sheria inawalazimisha vijana kudanganya wao ni nani. Kwangu hiyo nusu nusu ni mbovu kuliko katazo kamili, angalau Uingereza walikataza kabisa mpaka 2000, baada ya mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya kuwabana.

Kwetu Tanzania sheria ya jinai inakataza jambo lenyewe kwa hiyo la jeshi halifiki hata mlangoni. Lakini dogo hakuacha, "Shikamoo tena mzee, kwani hangani kwenu hawakuwepo?"

Mzee akacheka. "Tulikuwa tunajua bwana. Mmoja alikuwa na shabaha kutushinda wote."

Ya bafu hakuyarudia tena, akaagiza kashata.