Natafuta Gemu Feki

Jumapili moja ya Septemba, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nilikuwa nimesimama kwenye majani yaliyolowa umande nje kidogo ya London, mikono mfukoni. Ni lile gulio lao: watu wanaegesha gari, wanafungua buti, wanatandaza kila kilichowachosha nyumbani. Vikombe, viatu, hata meno ya bandia nimewahi kuyaona. Miye hufuata gemu za zamani. Wachuuzi nao wanazifuata, tena wanakuja na tochi, na hao ndio wanaotuharibia. Kitu kikichungulia tu kutoka kwenye boksi wanakipiga picha, wanatazama mtandaoni kinakwenda kwa ngapi, ndipo wanakumbuka kumwamkia mwenye meza.

Niliulizia kanda ya gemu ya Pokémon Red. Paundi 40. Inafanya kazi? Jamaa akanionesha uwanja kwa mkono: mashine ya kuijaribia iko wapi hapa, bwana? Zile kanda ndani zina betri ndogo kama ya saa, ndiyo inayotunza pale ulipofikia, na baada ya miaka ishirini na kitu nyingi zimeshakufa. Nikamwambia. Akanitazama kama namtia nuksi. Aliyekuja nyuma yangu akalipa bila kuuliza neno, akamwambia mwenzake kuwa hana haja ya kuicheza, ataihifadhi kwenye kasha la plastiki.

Meza tatu mbele, chini ya fundo la waya, nikaona rangi ya njano. Kanda ya njano! Karatasi yake imechubuka lakini namba inasomeka: gemu 9999999 katika moja. Pembeni yake mashine, padi mbili na bastola. Mzee mwenye meza akawa kama anaona haya. Akaniomba radhi kabisa: hiyo si orijino, ni kopi tu, nipe paundi tatu uondoke nayo. Nilitoa tano, nikakataa chenji. Nadhani mpaka leo anasimulia kwao.

Mashine kama ile, nakala ya Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, ndiyo aliyotuletea ami yangu kutoka Dubai miaka ya mwisho ya 1990. Hatukujua kama kuna orijino popote duniani. Tulikaa kwenye majumba ya Michenzani, na televisheni ilikuwa ile ya chogo ya bibi, maana Unguja tulianza kutazama televisheni ya rangi miaka ya 1970, Bara wakasubiri hadi 1994. (Wa Bara mtanisamehe, hili hatuachi kulisema.) Hizo gemu milioni tisa na ushei zilikuwa kama kumi hivi, zinajirudia kwa majina mengine. Tulizihesabu. Kanda ikigoma unaichomoa, unaipuliza, unairudisha. Nimekuja kusoma ukubwani kwamba kupuliza kunaingiza unyevu na kuozesha zile shaba. Na sisi upepo wa bahari wenyewe una chumvi tayari! Ilidumu kwa rehema tu.

Tulipanga zamu, wa chini kabisa kwenye foleni akiwa mlinzi wa mlango, kwa sababu mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa na tabia ya kupita kuuliza nani hajaja.

Baadaye kikaja kibanda cha PlayStation, mechi moja shilingi mia. Lile la kijivu la mwanzo likichoka, plastiki inayobeba lenzi hulika na lenzi kushuka, kwa hiyo mwenye kibanda alilicheza limepinduliwa, tumbo juu, na lilisoma vizuri. Winning Eleven, gemu ya mpira, ilikuwa ya Kijapani, mtangazaji anapiga kelele za Kijapani na sisi tunamfuatisha. Umeme ulipokatika Unguja nzima kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kibanda kiliendelea kwa jenereta, bei juu. Hakuna aliyesema mashine imezeeka. Ilikuwa inawaka, basi.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu wa huku. Wanauliza ni orijino, ina boksi, ina kitabu? Mtu ana gemu mia tatu kabatini na hajashika padi tangu mwaka jana. Miye napima kitu kwa swali moja tu, kinawaka au hakiwaki, na kwa kipimo hicho paundi 40 za yule bwana zilikwenda kununua plastiki.

Lakini nisijisifie kwetu. Ile mashine ya ami iko wapi? Mama aliigawa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu pamoja na pasi mbovu. Hatukuweka hata padi. Mzungu ameweka mpaka risiti. Kwa hilo namvulia kofia, na bila ya yeye ningeiona wapi tena kanda ya njano?

Nilikwenda nayo nyumbani Idi iliyopita. Nikaweka gemu ya kuwinda bata, nikaingoja familia ishangilie, bastola ikakataa. Ukivuta, skrini inakuwa nyeusi kwa kupepesa jicho, halafu kiboksi cheupe kinatokea pale alipo bata, na bastola inakitafuta kile cheupe kwa wakati wake maalumu. TV bapa inachelewa kidogo, basi bata hafi. Nikaenda Darajani kwa fundi mmoja, nyuma ana rundo la machogo yanakula vumbi. Elfu thelathini, akasema. Nikatoa pesa.

"Yakhe, mbona haraka? Hujaiona inawaka."

Nikamwambia nakuamini. Akacheka, akaniuliza nimekaa Ulaya miaka mingapi. Alichomeka waya, akapiga kofi ubavuni, picha ikaja na kijani upande mmoja. Akaizima, akachukua koili ya umeme ya kuondoa usumaku, akaizungusha mbele ya kioo, akawasha tena. Safi. Ndipo akapokea pesa, na akaniambia ikileta tabu kesho niirudishe, yeye hahami.

Usiku ule mpwa wangu wa miaka minane alikosa bata kumi mfululizo, na kila akikosa yule mbwa anainuka kwenye majani anamcheka. Mwishowe akaacha bata, akamwelekezea mbwa bastola, akavuta, akavuta tena.

"Mjomba, huyu anapigwa vipi?"

"Hapigwi," nikamwambia. "Hebu nipe nijaribu."