Je, marekebisho yasiyo na jaribio yakataliwe?

Django, mfumo wa kutengenezea tovuti kwa lugha ya programu ya Python, hudai jaribio, yaani msimbo mfupi unaokagua kama programu inafanya kazi sawasawa, kwa kila hitilafu inayorekebishwa. Lisipokuwepo, tiketi (taarifa ya hitilafu hiyo) huwekewa alama kwamba inahitaji majaribio, kisha husubiri. Mgeni aliyesahihisha mistari miwili, akaambiwa aandike thelathini zaidi, huona amefungiwa mlango. Ana hoja: wapo wasiorudi, na sahihisho zuri hubaki limelala.

Ila tuitazame Heartbleed. Hitilafu hiyo ya OpenSSL, programu inayosimba mawasiliano ya mtandao, ilitoka na toleo la 1.0.1 Machi 2012, ikazibwa Aprili 2014. Ujumbe husika, ambao seva hurudisha data yake kama ilivyo, una baiti 2 za kutaja urefu wa data. Mtu aliweza kutuma baiti 1, akadai ametuma 65,535, na seva ikajazia pengo kwa chochote kilichokuwa kwenye kumbukumbu yake, hata funguo za siri. Jaribio la kuinasa ni fupi: tuma baiti 1, dai 65,535, hakikisha seva inanyamaza, kama RFC 6520 (waraka wa kanuni za ujumbe huo) inavyoagiza. Miaka miwili swali hilo halikuulizwa. Mkaguzi wa msimbo husoma kilichoandikwa. Hapa kasoro ilikuwa sharti la kukagua urefu ambalo halikuandikwa kabisa, na macho hulipita kwa urahisi.

Kweli, kanuni ya kudai jaribio peke yake ingeweza kuzaa jaribio la ujumbe halali tu. Ndiyo maana idai pia data mbovu. Na kwa hitilafu, jaribio liendeshwe kwanza kwenye msimbo wa zamani: lazima lishindwe hapo, ndipo lifaulu baada ya marekebisho. Lisilowahi kushindwa halijathibitisha lolote.

Kinachoiharibu kanuni hii ni kuhesabu asilimia ya mistari ya msimbo iliyoendeshwa na majaribio. Watu huandika majaribio yanayoendesha sehemu za programu bila kukagua jibu, asilimia ikapanda bure. Majaribio mengine hutegemea saa ya mashine: kati ya saa sita na saa tisa usiku Nairobi tarehe imeshageuka, kwenye seva inayofuata UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu) bado ni jana, na jaribio lililofaulu kwa mwandishi likaanguka huko. Tarehe ipachikwe ndani ya jaribio.

Nyaraka na maoni ya msimbo yasamehewe. Mgeni naye aonyeshwe faili la jaribio linalofanana na lake, anakili na kubadili data. Akikwama, msimamizi aliandike mwenyewe, kwa kuwa mwakani mgeni huyo huenda hayupo na mstari wake utaguswa na asiyejua kwa nini uliwekwa.