Boti Inalala Vizuri Kuliko Mimi

Jamani hii nchi itanimaliza. Nipo Minnesota, jimbo linalojisifia maziwa 10,000, wameandika mpaka kwenye pleti namba za magari, sasa mtoto wa Pangani ukimwonyesha maji yote hayo unategemea afanyeje, si nikanunua boti. Futi 16, ya alumini, mkweche mkweche hivi, mashine ya nyuma farasi 40. Muuzaji alinisimulia kila kitu, mpaka samaki gani wanakula asubuhi na gani jioni, ila neno baridi halikumtoka mdomoni hata bahati mbaya.

Boti yenyewe unaitumia Mei mpaka Septemba, na hapo toa siku za mvua, toa shifti za wikendi, toa harusi za watu, toa mbu, maana mbu wa huku nao wana hasira sijui nani kawaudhi. Oktoba ikiingia unaambiwa haya, ilaze. Sio uifunge kamba uondoke, hapana, ILAZE, na kulaza kwenyewe ni kazi ya kutwa.

Kwetu mashine ikitoka baharini unaisuuza na maji ya bomba kwenye pipa, chumvi ikitoka imeisha hiyo. Kusi ikikolea watu wanavuta vyombo juu, wanaziba nyufa kwa kalafati, wanapaka sifa, yale mafuta ya papa, mtaa mzima unanuka, lakini hujasikia mtu kakosa usingizi eti injini itapasuka kwa baridi. Huku inapasuka. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9 hivi, na yakiwa yamefungiwa ndani ya chuma basi chuma ndo kinachoachia. Kuna jamaa mtaa wa pili boti yake ina injini ya ndani, maji yalibaki kwenye bloku, Aprili anafungua anakuta ufa huo, unapitisha kucha. Mimi yangu ya nje, ukiisimamisha wima maji yanajitoa yenyewe, kwa hilo alhamdulillahi. Kwa hilo tu.

Maana kuna petroli. Petroli ya huku ina ethanoli asilimia 10, pombe kabisa, ya mahindi, na pombe ikikaa inavuta unyevu, ikishiba maji inajitenga inazama chini ya tangi, na chini ya tangi ndo mpira unakonyonyea. Ipo petroli isiyo na pombe, vituo vingine wanauza kwa ajili ya maboti na mashine za majani, ukiangalia bei unarudi mwenyewe kwenye ile ya walevi. Basi unanunua dawa ya kuzuia petroli isiharibike, unapima, unatia, unajaza tangi karibu lifike juu hewa isipate nafasi, halafu unawasha mashine uani kama dakika 10 ili dawa ifike mpaka ndani kabisa. Na huruhusiwi kuiwasha kavu, pampu ya maji itaungua, kwahiyo unaibana na vikombe viwili vya mpira pale inapovutia maji, unaunga na mpira wa bustani. Sasa nipo uani, baridi nyuzi 4, maji yananiingia kwenye kiatu, mashine inanguruma juu ya trela, majirani wanachungulia, mke wangu anashuka na mifuko ya sokoni ananitazama weee, halafu anauliza, "Baba Zuwena, unasafiri?"

Sijamjibu mpaka leo.

Tukaja kwenye oili ya gia. Chini kule karibu na propela kuna skrubu mbili. Unafungua ya chini, inatoka kidogo kwa maringo, unafungua ya juu ipate kupumua ndo inashuka, nzito, polepole, na wewe umechuchumaa kwenye zege na sufuria kuukuu unaomba Mungu, kwasababu ikitoka safi umepona, ikitoka na rangi ya chai ya maziwa ujue maji yameingia. Yangu ilitoka chai. Chai iliyokolea, zilikosekana sambusa tu. Navua propela nakuta mshipi wa kuvulia umejisokota kwenye shafti umekata sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie, na mshipi wenyewe sio wangu, mimi natumia wa kijani, ule ulikuwa wa njano! Kuna mtu amekata mshipi wake akauacha ziwani, saa hizi yuko kwake anakunywa supu, sili nanunua mimi. Ukishabadilisha unajaza oili kwa kuisukuma kutoka chini mpaka itokeze juu, ukijaza kwa juu hewa inabaki ndani. Aliyebuni hivi vitu mgongo wake haujawahi kumuuma.

Bado oili ya injini na filta, maana ile ya zamani ina uchafu na unyevu, ikikaa miezi yote hiyo inakula vyuma. Bado kutoa plagi upulize mafuta ndani ya silinda zisipate kutu. Mimi sasa, magoti yanalia nikipanda ngazi, nikaenda hospitali nikaambiwa ninywe maji. Sawa.

Na usiseme si umpe fundi. Bei aliyonitajia fundi ni nauli ya ndege mpaka Dar.

Mwisho nikaifunika turubai, nikaziba matundu na steliwaya panya wasiingie wakazaana humo, nikapiga picha nikaweka status. Kosa la nani sijui, ila dakika hiyohiyo mjomba akapiga.

"Shikamoo mjomba."
"Marahaba. Boti umeuza?"
"Sijauza mjomba, nimeilaza. Ziwa linaganda."
"Linaganda vipi?"
"Linakuwa barafu mjomba, mpaka magari yanapita juu."

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Akasema, "Mwanangu, kama hela ya kututumia huna, sema huna. Usitutungie."

Betri nayo haitakiwi kulala nje, ikiishiwa chaji inaganda, ikijaa inahimili hata Januari yenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Kwahiyo betri iko ndani, imechomekwa chaji, inapata umeme na hita, na ninaulizwa kila siku itatoka lini pale kwenye gunia la mchele.

Jana mzee jirani kanifuata anacheka, eti barafu ikifika inchi 4 twende ziwa la Mille Lacs tukavue. Nikamwambia mzee, boti nimeshaifunga. Akasema boti ya nini, tunatoboa shimo tunakaa juu.

Nimemwambia nina mafua.