Kikosi maalumu cha Mtwara kianze na grenda, bunduki zifuate

Kila tukio kubwa la ujambazi likitikisa nchi, hoja ile ile hurudi vijiweni hapa Mtwara: nasi tupewe kikosi maalumu, chenye bunduki za masafa marefu na magari ya kuzuia risasi. Nusu ya hoja hiyo naiunga mkono. Tuna bandari, tuna maghala yanayojaa korosho kila msimu, tuna mitambo ya gesi Madimba, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilivamiwa na watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya Mto Ruvuma, upande wa Msumbiji. Kikosi kinahitajika. Nisichokubali ni orodha ya manunuzi inayoanza na bunduki.

Wapangaji wetu wakitaka mfano, wakitazame kikosi cha huduma za dharura cha polisi wa New York, Emergency Service Unit, maarufu kama ESU. Kilianzishwa mwaka 1930 na hadi leo kina malori yake makubwa 10 yaliyogawanywa jijini. Askari wa lori hilo ndiye anayeitwa pale mtu mwenye bunduki amejifungia na familia yake. Ndiye pia anayeitwa pale mtu amenasa kwenye lifti, dereva amebanwa ndani ya gari lililopondeka, abiria ameangukia chini ya treni, au kijana amepanda juu ya nguzo za daraja akitaka kujirusha. Ngao na bunduki vimo lorini, lakini vimezungukwa na mitaimbo, kamba, jaki za upepo, mashine za kukata vyuma na vifaa vya huduma ya kwanza. Septemba 11, 2001, polisi wa New York walipoteza askari 23, na 14 kati yao walikuwa wa ESU. Walikuwa wameingia kwenye majengo ya World Trade Center yaliyoshambuliwa, kuokoa watu.

Mchanganyiko huo una sababu. Matukio ya kutumia silaha ni machache hata kwenye jiji kubwa, na kikosi kinachongoja risasi tu kinapoa, au kinaanza kutafutiwa kazi ambazo polisi wa kawaida wangezimaliza kwa kubisha hodi. Anayeshika vifaa kila wiki kwenye ajali hapapasi siku ya utekaji.

Sasa tuje kwenye nyumba zetu. Picha tulizozoea ni askari wanaobomoa mlango kwa gogo la chuma, pigo moja wako ndani. Gogo lile limetengenezwa kwa mlango unaofunguka kwa ndani. Nyumba ya Chuno au Shangani ina mlango wa mbao, na mbele yake geti la nondo linalofunguka nje, bawaba zimechomelewa kwenye fremu, kufuli iko upande wa ndani. Ukilipiga gogo geti hilo, unalikaza kwenye fremu yake. Linatakiwa kuvutwa, au kukatwa kwenye bawaba. Grenda ya betri yenye diski ya kukatia chuma inamaliza bawaba moja haraka, lakini geti lina bawaba mbili au tatu, cheche zinaruka, na aliye ndani anasikia kila kitu. Diski ikibanwa na uzito wa geti inapasuka, kwa hiyo lazima mtu wa pili aingize ncha ya mtaimbo na kulibeba geti wakati mwenzake anakata. Wa tatu anawafunika kwa ngao. Madirisha nayo yana nondo, kwa hiyo njia ya mkato ya dirishani haipo.

Nondo hizo hizo ndizo zinazowafungia watu ndani nyumba inaposhika moto usiku. Grenda, mtaimbo na mikono ile ile ndivyo vinavyowatoa. Hapo ndipo fedha ya mkoa inapofanya kazi mbili, na ndiyo maana nasisitiza kikosi kifanye mazoezi ya pamoja na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji badala ya kujengewa uzio wake peke yake. Lori la korosho likipinduka kati ya Mingoyo na Mtwara na dereva akabanwa miguu chini ya usukani, hana faida na bunduki ya masafa.

Kuta ni jambo jingine. Risasi ya bunduki ya kivita hupita kwenye ukuta wa udongo na mabati na kuendelea na safari, na tofali jembamba lenye saruji ya kubania si la kutegemea. Kwenye vichochoro vya Magomeni au Chikongola, kuwaondoa watu walio mbele ya nyumba husika hakutoshi. Waondolewe walio nyuma na ubavuni pia, kwa kufuata mstari ambao risasi ya askari mwenyewe ingepita ikikosa shabaha. Mwenyekiti wa mtaa ndiye anayejua nani mgonjwa wa kitandani, na mlango upi wa uani umezibwa. Akae na kamanda tangu mwanzo.

Halafu kuna kosa la kuvamia nyumba ambayo anayetafutwa haishi. Machi 2020 huko Louisville, Marekani, wapelelezi wa dawa za kulevya walivunja mlango wa Breonna Taylor usiku wa manane. Mwenzi wake, akidhani ni wezi, alifyatua risasi moja. Polisi walijibu kwa risasi nyingi, na yule dada wa miaka 26 akafa. Mtu waliyemlenga hakuwa akiishi pale. Hapa kwetu namba za nyumba zilizobandikwa kwenye Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 zinasaidia, lakini kibao kinaweza kung'olewa au kupakwa rangi. Askari aliyevaa kiraia aitazame nyumba kabla ya kikosi kusogea, na ahesabu milango kutoka kwenye alama isiyohama, mwembe au nguzo ya umeme.

Zaidi ya vyote, mazungumzo. Januari 1973 majambazi waliteka watu kwenye duka la bunduki Brooklyn, na askari mmoja wa ESU aliuawa mapema. Hasira zilikuwa juu. Miezi michache nyuma, huko Munich, polisi wa Ujerumani Magharibi walikuwa wamejaribu kuokoa wanamichezo wa Israel kwa walenga shabaha 5 dhidi ya watekaji 8, bila redio za kuwaunganisha, na mateka wote 9 waliokuwa hai wakafa. New York walichagua kungoja. Baada ya saa 47 mateka walikuwa wametorokea juu ya paa na watekaji wakajisalimisha. Mwaka ule ule Harvey Schlossberg, mpelelezi mwenye shahada ya saikolojia, na Frank Bolz walijenga timu ya wazungumzaji ambayo dunia nzima imeiga.

Kungoja kunahitaji mpangilio, hasa kwenye joto letu. Fulana yenye vibao vya kuzuia risasi za bunduki, kofia, silaha na maji huzidi kilo 20. Mbeba ngao apokezwe mara kwa mara, maana mkono ukichoka ngao inashuka bila mwenyewe kujua. Mzungumzaji asiwe kamanda, ili aweze kusema kwa ukweli, "Ngoja nikaulize, ndugu yangu." Na awepo anayesema Kimakonde.

Kwa hiyo ningenunua hivi: simu za upepo na betri za akiba, grenda mbili, mitaimbo, mashine ya kukatia magari yaliyopondeka, mikanda ya kukazia jeraha ili damu isivuje kwa kila askari, ngao mbili. Mashine za petroli ziwashwe kila wiki na vyuma vipakwe mafuta, kwa sababu upepo wa chumvi wa bahari yetu unakula kila kitu kinacholala stoo. Bunduki za masafa marefu ningeziacha hadi mwaka wa pili, pamoja na bajeti ya risasi za mazoezi, kwani mlenga shabaha asiyepiga kila mwezi hafai kupandishwa juu ya paa la mtu.