Nyimbo za ibada za Kitamili: zimerithi mashairi ya Sangam au zimeyameza?

Kuna ubishi mmoja kwenye ushairi wa Kitamili ambao mi kila nikikutana nao nakaa kitako. Zile nyimbo za kuwaimbia Shiva na Vishnu, miungu ya Kihindu, zilizotungwa huko kusini mwa India kati ya karne ya 6 na ya 9, ni watoto halali wa mashairi ya kale ya Sangam, ama ndo zenyewe zilizoyazika? Timu zote mbili zina hoja, usije ukadhani kuna upande wa wajinga.

Kwa asiyejua, Sangam ni mashairi 2,381 yaliyotufikia, washairi wanaohesabika ni 473, na mashairi 102 hayana mwenyewe. Mengi ni ya zile karne za mwanzo baada ya Kristo, wapo wanaoyarudisha nyuma zaidi. Yamegawanyika mara mbili: akamu, yaani mambo ya ndani, mapenzi, halafu puramu, mambo ya nje, vita na wafalme na ukarimu na misiba. Sasa kwenye akamu kuna sheria moja tamu sana, wapenzi hawatajwi jina. Kuna yeye wa kike, yeye wa kiume, shoga yake yule binti, mama mtu, basi. Na hisia haitajwi kavukavu, inawekwa kwenye mandhari: ukionyeshwa mlima ujue watu wamekutana kwa siri, msitu ni mke anayemsubiri mume arudi, mashamba ya mpunga ni mume katoka nje na mke kanuna, ufukwe ni kulia kwa kuachwa, nyika kavu ni safari na kutengana. Mshairi anakuwekea korongo mmoja tu kasimama kwenye maji ya chumvi na wewe unajua huyu dada hali mbaya. Aliyekulia kwenye taarabu hahitaji kufundishwa hapa, fumbo analijua.

Mfano ninaoupenda uko kwenye Kuruntokai, mkusanyiko mmoja wa akamu, shairi la 40. Jamaa anamwambia binti (naeleza kwa maneno yangu) mama yako na mama yangu ni nini kwa nini, baba yangu na baba yako wana udugu gani, mimi na wewe tulijuania wapi, lakini mioyo yetu imechanganyikana kama mvua iliyonyeshea ardhi nyekundu. Wewe jaribu kuyatenga hayo maji na huo udongo! Jina la mtunzi limepotea, wakaamua kumwita kwa huo mstari wake, Sempulappeyanirar, kama kusema bwana maji ya mvua kwenye udongo mwekundu.

Timu ya kwanza inasema nyimbo za ibada ni Sangam ileile imevaa nguo nyingine. Nammalvar, mkubwa kati ya wale Alvar 12, washairi watakatifu wa Vishnu, anaimba kwa sauti ya binti aliyeachwa, anamtuma korongo apeleke salamu kwa Mungu, kuna mahali mama ndo anayelalamika kwamba binti yangu kaisha, bangili zinamdondoka mkononi kwa kukonda, na hayo yote ni akamu tupu, ile ya ufukweni. Kwa upande wa puramu ni vilevile. Zamani kulikuwa na aina ya shairi ambapo mshairi aliyeshiba anakutana njiani na mwenzake mwenye njaa anamwelekeza, nenda kwa mfalme fulani, ukifika utapewa. Sasa kwenye mkusanyiko huohuo wa Sangam lipo moja linaloitwa Tirumurukarruppadai, ambalo anayeelekezwa kwake si mfalme tena bali mungu Murugan, na baadaye watu wa Shiva wakalichukua wakaliweka kwenye vitabu vyao vitakatifu. Kwahiyo mlango ulishafunguliwa kutokea ndani, hakuna aliyeuvunja. Hata Karaikkal Ammaiyar, mmoja wa wanawake watatu tu kwenye ile orodha ya watakatifu 63 wa Shiva, yale mazimwi yake yanayocheza kwenye uwanja wa kuchomea maiti ni ndugu wa mazimwi ya uwanja wa vita ya mashairi ya zamani.

Timu ya pili inajibu sawa, mmechukua vyombo, lakini mmemtaja jina. Mpenzi aliyekuwa wa kila mtu sasa ni Vishnu, na si Vishnu tu, ni Vishnu wa hekalu fulani kwenye mji fulani. Mimi hii hoja inanigusa kuliko zote aisee, maana raha ya akamu ni kwamba ukisoma unajiweka mwenyewe pale.

Halafu kuna suala la nani alilipiwa aimbwe. Mfalme Rajaraja Chola alipojenga lile hekalu kubwa la Shiva la Thanjavur, lililokamilika 1010, maandishi ya ukutani yanaonyesha waimbaji 48 wa nyimbo za Shiva na wapiga ngoma 2, wote kwa posho. Shairi la bwana udongo mwekundu halikuwa na posho wala ngoma, lilikuwa na jani la mvumo (mti wa jamii ya mnazi) lililoandikiwa, na mchwa. Matokeo yake tunayaona 1880, mji wa Kumbakonam. Kijana wa miaka 25, mwalimu wa Kitamili chuoni, U. V. Swaminatha Iyer, anaenda kumsalimia hakimu mmoja, Salem Ramaswami Mudaliar. Hakimu anamuuliza umesoma nini, kijana anaanza kumwaga orodha, karibu yote ya dini, na hakimu hata hashtuki, anamuuliza basi, na vile vya kale zaidi? Hajavisoma! Msomi kabisa, kapikwa na mwalimu bora wa zama zake. Ile aibu ndo iliyomfanya azunguke vijijini kukusanya hayo majani ya mvumo mpaka 1894 akachapa Purananuru, mkusanyiko wa puramu wenye ule mstari kwamba kila mji ni mji wetu na kila mtu ni ndugu yetu, ambao 2019 waziri mkuu wa India aliutaja Umoja wa Mataifa.

Ila timu ya pili huwa inaruka kitu hapo. Huyo mwalimu bora aliyempika Iyer alikuwa analelewa na nyumba ya watawa wa Shiva, ya Tiruvavaduthurai, na nyumba kama hizo ni kati ya sehemu zilizokuwa zimetunza hayo majani. Waliacha kuyasoma lakini hawakuyatupa. Na nyimbo za dini zenyewe zilinusurika kwa shida, mapokeo yanasema Tevaram, mkusanyiko wa nyimbo za Shiva, ilikutwa imefungiwa chumbani kwenye hekalu la Chidambaram, sehemu kubwa mchwa washaimaliza.

Mi naegemea timu ya kwanza, kwa kinyongo kidogo. Chukua ubeti wa Appar, mmoja wa watunzi wa Tevaram, mistari minne. Mitatu ya juu: veena, kinanda cha nyuzi cha Kihindi, isiyo na dosari, mwezi wa jioni, upepo wa kusini unaovuma, majira ya joto yanayochipua, bwawa lenye mvumo wa nyuki, ni kama hivyo vyote. Funika wa nne kwa kidole na hakuna atakayekwambia hii ni dini. Shida ni kwamba ukiufunika, sentensi inabaki inaning'inia, kama hivyo vyote, ndiyo, lakini nini? Unatoa kidole: kivuli cha miguu ya Bwana, baba yangu.